Tusimkodolee macho mwenye mnyororo, tumtafute anayemlipa

KILA kijana anapokamatwa na panga au bastola, hakosekani mtu wa kusema kwamba ameharibiwa na sinema. Na sinema zinazotajwa kwanza ni za Kihindi, hasa hizi za Kusini mwa India ambamo stelingi mmoja huwaangusha wahuni ishirini bila shati lake kukunjika. Wazazi hulalamika, wahubiri hukemea, na wapo wanaotaka vibanda vya video vipigwe kufuli. Mimi nasema hoja hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli mara nyingi hudhuru kuliko uongo mtupu.

Nitalieleza jambo hili kwa kutumia filamu moja ya lugha ya Kitelugu iitwayo Siva. Ilitoka tarehe 5 Oktoba 1989 katika jimbo la Andhra Pradesh, wakati ambapo jimbo hilo halijagawanywa na Hyderabad ilikuwa makao yake makuu. Stelingi alikuwa Nagarjuna, mwanawe Akkineni Nageswara Rao, mwigizaji mkongwe aliyeanzisha Annapurna Studios. Adui alikuwa Bhavani, aliyeigizwa na marehemu Raghuvaran. Mwongozaji alikuwa Ram Gopal Varma, kijana wa miaka 27 ambaye hadi siku hiyo hakuwa ameongoza filamu hata moja. Filamu hiyo ilipendwa mno hivi kwamba mnamo Novemba 2025, miaka 36 baadaye, ilirudishwa katika kumbi za sinema za India ikiwa imesafishwa picha na sauti.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Siva ni mwanafunzi anayekuja mjini kusoma chuoni na kuishi kwa kaka yake, pamoja na shemeji na binti yao mdogo. Anakuta chuo kimo mikononi mwa kijana aitwaye JD, kiongozi wa wanafunzi anayewapiga na kuwatisha wenzake atakavyo. Siku moja Siva anakataa kuonewa. Anaikwanyua cheni ya baiskeli kwa mikono yake, anaizungusha kwenye ngumi na kumshushia kipigo mbele ya watu. Tukio hilo ndilo ambalo kila mpenzi wa filamu za Kitelugu analikumbuka mpaka leo, hata asiyejua lolote jingine kuihusu.

Lakini hapo filamu ndiyo kwanza inaanza. JD si mwenye mali, ni kibarua tu. Nyuma yake yupo Bhavani, mkuu wa genge linaloutisha mji mzima, ambaye huwatumia wanafunzi kama jeshi lake la akiba. Na nyuma ya Bhavani yupo bwana mwingine mwenye nguo safi, mwanasiasa aitwaye Machiraju, aliyeigizwa na Kota Srinivasa Rao. Huyu hapigi mtu ngumi. Kazi yake ni kumkinga Bhavani wakati Bhavani ana faida kwake, na kumtupa atakapokuwa mzigo. Ukiitazama Siva kwa makini utaona kwamba ni ngazi: kijana wa chuo chini, jambazi katikati, mheshimiwa juu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Genge nalo halijioti lenyewe kama uyoga. Lina fundi wake.

Je, Varma aliitoa wapi ngazi hiyo? Hakuiota usingizini. Alikuwa amesomea uhandisi wa ujenzi katika chuo kimoja cha Vijayawada, mji wa kibiashara ulio kando ya mto Krishna. Na Vijayawada ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na sifa mbaya ambayo wenyeji wake hawajaisahau. Familia mbili, Vangaveeti na Devineni, zilikuwa katika uhasama wa damu. Uhasama huo ulipitia humo humo katika vyama vya wanafunzi na vyama vya wafanyakazi, ukaishia katika vyama vya siasa. Waliokuwa marafiki waligawanyika, kila upande ukawa na vijana wake vyuoni, na mauaji yakajibiwa kwa mauaji. Tarehe 26 Desemba 1988, Vangaveeti Mohana Ranga, aliyekuwa mbunge wa jimbo kwa tiketi ya chama cha Congress, aliuawa akiwa katika mgomo wa kutokula chakula. Ghasia zilizofuata ziliteketeza maduka na kuua watu wengi.

Hesabu tarehe hizo, msomaji. Ranga aliuawa Desemba 1988, na Siva ikaingia kwenye kumbi Oktoba 1989. Watazamaji wa Andhra Pradesh hawakuhitaji mtu wa kuwafafanulia Bhavani ni mtu wa aina gani wala Machiraju anafanana na nani. Walikuwa wamewazika ndugu zao chini ya mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo anayesema filamu ile iliwafundisha vijana wa kule ugenge ameugeuza mkokoteni mbele ya punda. Ugenge ulitangulia, filamu ikaja baadaye kuwaonyesha watu sura yao wenyewe kwenye kioo.

Namna filamu hii ilivyotengenezwa ina funzo lake pia. Baada ya masomo Varma aliajiriwa kama mhandisi katika ujenzi wa hoteli moja kubwa ya Hyderabad, na alikuwa akifikiria kwenda Nigeria kutafuta mshahara mnono zaidi. Badala yake akafungua duka la kukodisha kanda za video katika mtaa wa Ameerpet. Duka hilo ndilo lililokuwa shule yake ya filamu. Sitaficha kwamba baba yake alikuwa mtaalamu wa sauti pale Annapurna Studios, na mlango uliofunguliwa na baba si sawa na mlango wa kuvunjwa kwa bega. Hata hivyo kuingia mlangoni ni jambo moja, na kukabidhiwa fedha na stelingi mkubwa ni jambo lingine. Akkineni Venkat na Yarlagadda Surendra, watayarishaji kutoka familia hiyo ya Akkineni, walithubutu kumkabidhi vyote viwili.

Varma mwenyewe amesema mara nyingi kwamba mifupa ya kisa hicho aliichukua kutoka filamu ya Bruce Lee, The Way of the Dragon ya mwaka 1972. Kule kuna mkahawa unaosumbuliwa na wahuni na mgeni anayekuja kuutetea. Yeye aliuondoa mkahawa akaweka chuo. Wapo watakaouita huo wizi. Mimi nauona kama kazi ya mshonaji aliyeazima kielelezo cha shati, kisha akalikata kwa kitambaa cha kwao na kwa vipimo vya mwili wa kwao. Kama angeazima na kitambaa pia, leo hakuna ambaye angeikumbuka filamu hiyo.

Tena alibadilisha namna ya kusimulia. Filamu nyingi za Kitelugu za wakati huo zilikuwa za kelele: adui anacheka kwa sauti ya kutetemesha ukuta, stelingi anamjibu kwa hotuba. Bhavani wa Raghuvaran huongea polepole, karibu kwa kunong'ona, na ndiyo maana anatisha. Mtu mwenye uwezo wa kukuangamiza hana haja ya kupaza sauti. Muziki ulitungwa na Ilaiyaraaja, gwiji wa Kusini mwa India, lakini Varma aliacha sehemu nyingi kimya ili hatua za miguu na mlio wa baiskeli vifanye kazi ya ngoma. Mpigapicha S. Gopal Reddy alitumia Steadicam, kifaa kinachofungwa mwilini ili kamera isitikisike mtu anapokimbia. Siva ilikuwa miongoni mwa filamu za kwanza za India kukitegemea kifaa hicho kiasi hicho. Matokeo yake, Siva anapokimbizwa akiwa juu ya baiskeli pamoja na mtoto wa kaka yake, mtazamaji anajikuta anakimbia naye.

Na mtoto huyo anauawa baadaye na watu wa Bhavani. Hapa naomba wale wanaosema filamu za magenge hupamba uhalifu wasimame kidogo. Siva alianza na mnyororo na makofi ya shangwe, lakini kabla ya filamu kwisha amempoteza rafiki yake Malli, kisha amempoteza mtoto asiye na hatia wa nyumba iliyompokea. Ushujaa wake una bei, na bei hiyo inalipwa na wengine. Hilo halipambi kitu.

Sisemi kwamba Siva ni msahafu. Ina dosari yake kubwa: haimwonyeshi mtazamaji njia nyingine yoyote isipokuwa ngumi. Polisi wapo, sheria ipo, lakini mwisho ni mtu na mtu. Tena siwezi kukana kwamba tukio la mnyororo linasisimua kupita kiasi, na kwamba kijana wa miaka 17 atatoka ukumbini akiiwaza ile ngumi kabla ya kumwaza Machiraju. Wanaolalamika hapo wana hoja, nami nawapa haki yao.

Lakini lawama yangu mimi naielekeza kwingine, kwa waliofuata. Tangu 1989 kila mtengeneza filamu alitaka mnyororo wake, ila wachache walimtaka Machiraju. Mwaka 1999 Samarasimha Reddy ilifungua mlango wa filamu za uhasama wa koo za Rayalaseema, ambamo panga liligeuzwa kuwa alama ya heshima ya ukoo. Mwaka 2006 ikaja Pokiri ya Puri Jagannadh, akiigiza Mahesh Babu, ambayo wengi wetu tunaijua kwa sura yake ya Kihindi, Wanted ya mwaka 2009, akiigiza Salman Khan. Humo kijana anaua kwa malipo filamu nzima, kisha mwishoni tunaambiwa kwamba kumbe alikuwa polisi aliyejificha. Ni ujanja mtamu: mtazamaji anafurahia mauaji, halafu anapewa cheti cha kumsafisha roho kabla hajafika mlangoni.

Na mwaka 2024, katika Pushpa 2, mambo yamepinduka kabisa. Mlanguzi wa magogo ya msandali mwekundu anakataliwa kupiga picha na waziri mkuu wa jimbo. Kwa hasira anaamua kumwondoa na kumweka mwingine kwa fedha zake, na ukumbi mzima unapiga mbinja. Katika Siva mwanasiasa anayemiliki jambazi ni aibu ya kufichuliwa. Miaka 35 baadaye jambazi anayenunua mwanasiasa ndiye stelingi wetu. Hilo ndilo linalonikosesha raha, kuliko idadi ya maiti kwenye skrini.

Jambo hili linatuhusu sisi pia, kwa sababu filamu hizi zinafika kwetu. Zinatafsiriwa Kihindi kule, kisha zinaingia katika vibanda vyetu na kwenye simu za vijana wetu. Nchini Kenya DJ Afro amezisimulia kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na Uganda wapo wasimulizi wao wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Watu hawa wana nguvu kuliko wanavyodhani. Msimulizi ndiye anayeamua ni lipi lichekwe, ni lipi lishangiliwe na ni lipi lipite kimya. Sentensi moja tu ya kumweleza mtazamaji kwamba huyu mwenye suti ndiye anayelipia yale mapanga ina uzito kuliko mahubiri mengi ya kukataza.

Kwa waandaaji wetu wa filamu, ushauri wangu ni ule ule alioutekeleza Varma. Aliandika kuhusu chuo alichosoma na mji alioujua. Sisi nasi tuna vyuo vyetu, tuna chaguzi zetu za wanafunzi, na tunajua ni nani hutuma fedha na fulana wakati wa kampeni na ni vijana gani hupewa marungu siku ya mkutano. Hatuhitaji kuiga hata cheni moja kutoka Hyderabad.

Na kwa wazazi, msikimbilie kufunga kibanda. Mtazame filamu hiyo pamoja na mwanao, kisha muulize swali moja: huyu kijana anayepiga watu, mshahara wake unatoka kwa nani? Akilijibu swali hilo, hatadanganyika kirahisi siku atakapofuatwa na mheshimiwa na kuahidiwa noti mbili tatu ili akavuruge mkutano wa wenzake. Vijana wanaouawa katika ghasia za siasa huzikwa na mama zao. Waliowatuma huhudhuria mazishi hayo wakiwa wameketi viti vya mbele, na hupewa kipaza sauti.