Ardhi haikuwa tupu: Majengo ni shahidi

Tunapofundisha historia, aghalabu tunauweka ukoloni wa Wazungu katika mabara ya Marekani kwenye sura moja, na ukoloni wa Kenya kwenye sura nyingine ya mbali. Mwanafunzi hukariri kwamba Christopher Columbus alifika mwaka wa 1492, kisha hukariri kwamba Waingereza walitangaza himaya yao katika nchi yetu mwaka wa 1895. Hakuna anayemwambia kuwa uongo uliotangulia kutumiwa huko ndio uliokuja kutumiwa hapa. Uongo wenyewe ni kwamba ardhi ilikuwa tupu. Nami nashikilia kwamba hapana mahali pafaapo kuufichulia uongo huo kuliko mtaa wetu wa Majengo, hapa Pumwani, jijini Nairobi.

Tuanze na Marekani. Walowezi wa Kiingereza walioabiri merikebu ya Mayflower waliteremka Plymouth mwaka wa 1620. Walikuta mashamba yaliyokwisha kufyekwa, yasiyo na mtu. Wengi wao waliona kuwa hiyo ni neema ya Mungu. Kumbe hapo palikuwa na kijiji kiitwacho Patuxet, ambacho watu wake walikuwa wamefyekwa na maradhi yaliyoletwa na mabaharia wa Ulaya kati ya mwaka wa 1616 na 1619. Mwenyeji mmoja, Tisquantum, aliponea ng'ambo, kwani alikuwa ametekwa na kupelekwa Uhispania mwaka wa 1614. Aliporejea alikuta makaburi tu, na bado akawafundisha wageni kupanda mahindi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mgeni alikuja, mwenyeji akafa.

Sasa tugeukie kwetu. Katika miaka ya 1890, sotoka iliangamiza ng'ombe wa Wamaasai na ndui ikawaua watu kwa wingi. Kisha mvua ikakosekana, na njaa kali ikaingia kati ya mwaka wa 1898 na 1900. Katika sehemu za Kiambu watu wengi walikufa, na wengine wakakimbilia kwa jamaa zao kaskazini. Reli iliwasili mahali ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, mwaka wa 1899, wakati msiba huo ukiwa bado mbichi. Mzungu aliyepita akaona makonde yaliyomea magugu, akaandika kwamba nchi haina mwenyewe. Ni sawa na mpita njia akute nyumba imefungwa kwa sababu ya matanga, avunje mlango na kudai kuwa ameokota nyumba.

Mwaka wa 1902 sheria ya ardhi ya Mfalme ikaanza kuwagawia walowezi mashamba, na sheria ya mwaka wa 1915 ikawaruhusu kuyakodi kwa muda wa miaka 999. Wamaasai walikuwa wametia saini mapatano ya mwaka wa 1904 wakiahidiwa Laikipia, lakini mwaka wa 1911 wakaambiwa waihame. Walipokwenda mahakamani mwaka wa 1913, kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya mataifa, na hivyo mahakama ya nchi haikuwa na uwezo wa kuyaamua. Linganisha na watu wa Cherokee nchini Marekani. Hao walikuwa na maandishi ya lugha yao tangu mwaka wa 1821, katiba tangu mwaka wa 1827 na gazeti tangu mwaka wa 1828. Waliposhtaki jimbo la Georgia, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka wa 1831 kwamba haikuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri lao. Mwaka wa 1838 walisukumwa magharibi kwa mtutu wa bunduki, na maelfu wakafia njiani. Watu hawa wawili hawakupata kuonana, lakini mlango waliofungiwa ulikuwa mmoja.

Ipo tofauti, na mwalimu mwaminifu hana budi kuieleza. Katika sehemu kubwa ya Marekani ya Kaskazini walowezi waliitaka ardhi zaidi ya wenyeji wenyewe, na kazi ngumu ya mashamba wakawatwisha watumwa waliotolewa Afrika. Hapa kwetu mlowezi alimhitaji mwenyeji ili amlimie, ampikie na kumjengea. Alichotaka ni mikono yake bila makao yake. Ndipo kikaja kipande, ambacho mwanamume wa Kiafrika alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Ndipo mwaka wa 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba Mwafrika hana haki ya ardhi anayoikalia, bali ni mpangaji tu kwa hiari ya Mfalme.

Mwaka uo huo wa 1921 ndipo Pumwani ilipotengwa kuwa mtaa wa wenyeji. Vijiji ambavyo Waafrika walikuwa wamejijengea wenyewe Nairobi, kama vile Maskini na Mombasa, vilibomolewa. Pangani ilistahimili hadi mwaka wa 1939. Aliyehamia Majengo aliruhusiwa kusimamisha nyumba ya udongo, lakini ardhi iliyo chini yake ikabaki mikononi mwa wakuu wa mji. Mlowezi alipewa karne kumi kasoro mwaka mmoja, naye mwenyeji akapewa ruhusa.

Hata hivyo, wazee wetu hawakukaa wakilia. Waliijenga misikiti, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya watu wa makabila mengi, na wanawake wengi wakamiliki nyumba zao wenyewe katika enzi ambayo sheria haikutaka hata kuwaona mjini. Huo ni ushahidi wa watu waliokuwapo.

Wapo watakaosema kwamba tulipata uhuru mwaka wa 1963, na kwamba kufukua makaburi hakumshibishi mtu. Nawajibu kuwa uongo huu haukuondoka na bendera ya Mwingereza. Mwaka wa 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya yenyewe ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza katika msitu wa Mau. Mwaka wa 2022 ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao itambuliwe. Serikali iliyowafukuza ilikuwa yetu, yenye mawaziri wetu. Kila tingatinga linapoingia katika mtaa wa maskini na wenyeji wakaulizwa hati, sauti ya Jaji Barth husikika tena, safari hii ikisema Kiswahili.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, tusiridhike na tarehe za kukariri. Tuwatume wanafunzi kwa wazee wa Majengo na Shauri Moyo wakaulize nani alihamishwa, kutoka wapi, na kwa karatasi gani. Waviangalie vipande na stakabadhi za kodi zilizosalia masandukuni kabla mchwa hawajazimaliza. Nanyi wanafunzi, mkikuta katika kitabu chochote maneno kwamba nchi fulani ilikuwa tupu, iwe ni Massachusetts, Laikipia au Mau, ulizeni ni nani aliyeihesabu, na alinufaika vipi kwa kutowaona watu. Kijana asiyejifunza kuuliza swali hilo leo ndiye atakayetia saini amri ya kuwahamisha wengine kesho.