Mtoto ananenepa, tunasema "ana afya"

Wadau, leo tuiache kidogo siasa.

Nina mpwa wangu hapa Dar, miaka 12, ana usonji. Alikuwa mwembamba kama fito. Alipoanza kujing'ata mikono, dada akampeleka hospitali, akaandikiwa risperidone. Kweli akatulia. Ila baada ya miezi michache kaptula zote zikagoma kufunga. Mtaani wakampongeza dada, "Mtoto sasa ana afya!" Nami nikacheka. Siku alipohema kwa kupanda ngazi tu, ndo nikaacha kucheka.

Dawa yenyewe siyo feki. Marekani iliiruhusu mwaka 2006 kwa hasira kali na kujiumiza kwa watoto wenye usonji. Aripiprazole ikafuata 2009. Zote zinajulikana kuongeza uzito. Dada hakuambiwa hilo, na mtoto hakupimwa uzito tena. Hapo ndipo ninapolalamika.

Lakini tusiisingizie dawa peke yake. Wengi wa watoto hawa ni wachaguzi wa chakula: chipsi na biskuti sawa, mlenda ulimi unaukataa. Akitulia tunamzawadia pipi. Mpira wa mtaani wenzake wanamfukuza. Usingizi nao wa shida. Jumlisha mwenyewe.

Septemba 2025 UNICEF walitangaza kuwa duniani, wenye unene uliokithiri kati ya watoto wa miaka 5 hadi 19 (9.4%) wamewapita wenye uzito pungufu (9.2%). Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika huko. Tusisubiri ifike.

Dada alitaka kuitupa dawa. Nikamwambia asithubutu bila daktari, maana kuacha ghafla kunaweza kurudisha balaa lote. Adai mtoto apimwe uzito kila kliniki, na sukari pia. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa au kuongeza metformin, ambayo utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha inasaidia kuzuia uzito kwa watoto wa aina hii. Nyumbani tumeanza kidogo kidogo: kipande cha papai kando ya chipsi, bila kumlazimisha, zawadi ni bembea badala ya pipi, saa 11 jioni natembea naye, njia ile ile, maana anapenda ratiba.

Jana kalilamba papai. Kulamba tu, lakini nyumba nzima tulishangilia.

Mwenye mtoto kama huyu, hospitali walikwambia nini kuhusu uzito? Tupeni uzoefu hapo chini. Nawakilisha.