Wikendi ya AM iwe ya mazungumzo



Nawapongeza waendesha redio wa ridhaa hapa Marekani wanaoandaa wikendi ya sauti za AM hewani. Tangu mtindo mpya zaidi wa kurusha sauti, SSB, ushike hatamu, AM imebaki kwa wapenzi wachache wanaokutana usiku kwenye 3885 kHz. Ila waandaaji wasihesabu idadi ya vituo vilivyofikiwa tu! Mwenye mtambo wa valvu akiuwasha, kwanza mkwaruzo wa redio ya msikilizaji hutulia, kisha sauti nene huingia. Raha hiyo haionjwi kwa salamu ya haraka. Watoe alama kwa mazungumzo marefu. Na kwa kuwa AM hutwaa takriban kHz 6, maradufu ya SSB, watangaze masafa mapema, wengine wasikwazike.

Mpenzi wa redio,
Columbus, Ohio