Shanta la Mwaka Mmoja

Tangu Machi 2007, askari wa kwanza wa Uganda walipotua Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, nyumba nyingi za kambini zimelazimika kujifunza kufunga mizigo ya mtu anayekwenda kukaa muda mrefu ugenini. Mama wa nyumbani, kwa mapenzi yake, hutaka kutia kila kitu. Mwenye safari, kwa haraka yake, hutia chochote. Na shanta ni lile lile moja.

Yafaa kazi ianze siku tatu kabla, wala si usiku wa kuondoka. Vitu vyote vitandazwe mkekani, mume na mke wavitazame pamoja. Gwanda, buti na vinginevyo vilivyotolewa na serikali havina mjadala. Mjadala uko katika vitu vya nyumbani, na hapo ndipo uzito unapojificha. Blanketi nene la sufu hula nafasi kubwa, ilhali Mogadishu ni mji wa pwani karibu na ikweta, nao hauijui baridi ya Kabale. Shuka mbili za pamba zatosha. Suruali ya jinzi nayo ni nzito, na ikifuliwa huchelewa kukauka katika hewa yenye unyevu wa bahari. Afadhali suruali moja nyepesi na shati mbili. Lakini soksi na nguo za ndani zisipunguzwe, kwani mguu unaoshinda ndani ya buti lenye jasho haukawii kushikwa na fangasi. Askari wa kike hupata nafasi zaidi akichukua vitambaa vya hedhi vya kufuliwa, badala ya pakiti za mwaka mzima.

Nguo zivingirishwe, zisikunjwe. Soksi zijazwe ndani ya viatu. Chumvi ya bahari hula chuma, basi wembe, sindano na mkasi vipakwe mafuta kidogo na kufungwa katika mfuko wa plastiki.

Kuhusu chakula, wengi hukosea kwa kutia sukari na unga mweupe. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, askari 241 wa kikosi cha Umoja wa Afrika mjini Mogadishu walivimba miguu na kuonyesha dalili za beriberi, maradhi ya upungufu wa vitamini B1, na wanne kati yao walifariki. Vitamini hiyo imo katika maharage, karanga na nafaka isiyokobolewa. Kopo moja la karanga zilizosagwa halitamlinda mtu mwaka mzima, na hilo lisemwe wazi. Lakini likipata nafasi ya kilo ya sukari, halikupotea bure. La maana zaidi ni kwamba mwenye kuona miguu yake ikivimba aende kwa mganga siku hiyo hiyo, asingoje.

Zabaki karatasi, nazo ni nyepesi kuliko vyote. Kitambulisho na kadi ya chanjo ya homa ya manjano viende na mwenyewe. Hati ya kiwanja, karatasi za benki na vyeti vya watoto visiingie shantani kamwe. Vikae nyumbani, mahali ambapo mke anapajua.

Kuna karatasi moja zaidi ambayo wengi huiogopa, wakidhani kuitaja ni kujitakia mabaya. Sajini mmoja alikuwa akibishana na mkewe juu ya blanketi, mama huyo alipoacha ghafla kukunja nguo.

“Baba watoto, katika daftari la kikosi umeandika nani kuwa mrithi wako?”

Sajini akainama, akajifanya anatafuta kamba za buti. Mwishowe akakiri kuwa ni jina la mama yake, aliloliandika siku alipoandikishwa jeshini, kabla hajaoa. Mama huyo alikuwa amekwisha kufariki miaka sita.

Hapakuwa na ugomvi tena wa blanketi. Asubuhi yake sajini alikwenda kwa karani wa kikosi, akambadili mrithi, na aliporudi ndipo shanta lilipofungwa.