China, Marekani na uhaba wa wabunifu wa chipu za analojia

Septemba 2025, katika mkesha wa mazungumzo ya biashara mjini Madrid, China ilianza kuchunguza chipu za analojia za Marekani, ikidai zinauzwa kwa bei ya kutupa.

Hizi si chipu za akili mnemba, bali vipande rahisi vinavyodhibiti umeme na kupima joto, sauti na mwanga. Bila vipande hivyo simu haiwaki, wala gari la umeme haliendi. Uhaba wake ulichangia kusimamisha viwanda vya magari mwaka 2021.

Viwanda hujengwa kwa fedha: Texas Instruments ilitangaza mwaka 2025 zaidi ya dola bilioni 60. Mbunifu hanunuliwi hivyo. Saketi za dijitali kwa kiasi kikubwa hupangwa na kompyuta; za analojia zingali zikitegemea mkono wa fundi aliyekomaa kwa miaka mingi. Kwa Beijing, inayotaka kujitegemea, hilo ndilo pengo gumu.