Goti la Mbwa wa Paje na Thamani ya Milimita Moja

Mbwa anayechechemea kwenye mchanga wa Paje huhukumiwa haraka. Huyu atasema kakatwa na matumbawe, yule atasema kagongwa na pikipiki. Lakini mbwa mzito anayeuinua mguu wa nyuma, na anaposimama huugusisha chini kwa ncha ya vidole tu, mara nyingi ana maradhi yaliyoanza zamani: kano ya msalaba ya mbele, ndani ya goti, imechanika au imekatika kabisa.

Kwa mchezaji wa mpira kano hii hukatika kwa mpindo mmoja wa ghafla. Kwa mbwa huchakaa uzi baada ya uzi, kwa miezi, na siku ya kuchechemea ni siku ugonjwa ulipojitangaza tu. Ndiyo maana kiasi cha nusu ya mbwa walioumwa goti moja huja kuumwa na la pili.

Chanzo kimoja kikubwa ni umbo. Sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, pale unapokaa mfupa wa paja, huinamia nyuma. Kwa binadamu mteremko huo ni kama nyuzi 7 hadi 10. Kwa mbwa wengi ni kati ya 20 na 30, naye husimama goti likiwa limekunjika wakati wote. Kila anapokanyaga, muundi husukumwa mbele, na kinachouzuia ni kano hiyo. Mwaka 1993, daktari wa mifugo wa Marekani, Barclay Slocum, pamoja na mwenzake walichapisha njia isiyojishughulisha na kuishona kano: mfupa hukatwa kwa msumeno wa duara, kipande cha juu kikazungushwa hadi mteremko ubaki takriban nyuzi 5, kisha kikafungwa kwa bamba la chuma na skrubu.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa kali. Chukua mbwa mwenye mteremko wa nyuzi 25 na msumeno wenye nusu kipenyo cha milimita 24. Kipande kinatakiwa kisogezwe zaidi kidogo ya milimita 8. Kosa la milimita moja ni kosa la zaidi ya nyuzi 2. Kikizungushwa pungufu, muundi unaendelea kusukumwa mbele na kulisaga gegedu. Kikizidishwa, mzigo huhamia kwenye kano ya nyuma.

Wapo wanaoamini kwamba Unguja ikishapata msumeno na mabamba, tatizo limekwisha. Hoja hiyo imeanzia mwishoni. Mteremko hupimwa kwenye picha ya eksirei, na goti lisipolazwa ubavu sawasawa, pembe inayosomwa ni ya uongo. Msumeno uwe mkali namna gani, utaukata uongo huo kwa ustadi. Kabla ya picha kuna mkono wa daktari, unaoshika paja na muundi wa mbwa aliyetulizwa kwa dawa na kuhisi kama mfupa mmoja unateleza mbele ya mwingine. Mkono huo hauhitaji umeme.

Tena si kila goti lipasuliwe. Utafiti wa Vasseur wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba zaidi ya mbwa 8 katika 10 wasiozidi kilo 15 walipona au walipata nafuu bila upasuaji, ilhali kwa wazito zaidi walikuwa karibu 2 tu katika 10. Mbwa koko wengi wa ufukweni ni wepesi. Kwa hao, mizani, mapumziko na dawa ya maumivu ni tiba kamili, wala si tiba ya kimaskini.

Atauliza mtu: kwa nini mahangaiko yote haya kwa mbwa, katika kisiwa ambacho mate yake ni najisi na wengi hawamfugi? Swali ni halali. Lakini najisi ni hukumu ya tohara. Haijapata kuwa ruhusa ya kumwacha kiumbe na maumivu.

Lililo gumu zaidi Paje ni wiki 8 au zaidi baada ya kisu, mfupa unapounga. Mbwa atembezwe kwa kamba, dakika chache, asiruke. Katika kijiji cha mchanga laini, nyua chache, na tiara za watalii zinazowatia mbwa wazimu msimu wa kusi na wa kaskazi, sharti hili huvunjika kabla ya skrubu.

Basi mwenye mbwa mzito na amuulize mpasuaji mambo mawili: pembe ya goti hili ni nyuzi ngapi, na itashushwa hadi ngapi? Asipojibiwa kwa tarakimu, amrudishe mbwa nyumbani, amfunge kivulini na kumpunguzia chakula, hadi apatikane wa kupima.