Deni la Askari Waliojeruhiwa

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba kumsaidia askari aliyejeruhiwa ni sadaka, na apewaye sadaka hachagui. Sisi twalikataa neno hilo. Vita ya pili ya dunia ilikwisha mwaka 1945, na askari wa King's African Rifles waliopigana mpaka Burma wakarudi kwao, wengine wamepungukiwa na viungo. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitoa pauni milioni 12 ili askari wazee wa Jumuiya ya Madola na wajane wao wapate milo miwili kwa siku. Milo miwili, baada ya miaka 73! Wangapi walikwisha kuzikwa? Nao wapagazi wa vita ya 1914 hata 1918, ambao Kariakoo yaitwa kwa ajili yao, wengi hata makaburi yao hayajulikani.

Wala tusiwalaumu Waingereza peke yao. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki katika Kongo, walinzi wa amani wa Tanzania waliuawa, na wengi zaidi wakajeruhiwa. Waliokufa tuliwalilia, ndivyo ipasavyo. Lakini majeruhi hurudi kimya. Akishuka Mkoani kwa magongo, twampa pole siku tatu, kisha twamwita "yule kiwete". Mguu wa bandia huchakaa. Usiku hushtuka kwa ndoto za vita. Na mkarafuu haupandwi kwa mguu mmoja. Basi wenye vyama vya msaada na wamfuate shehiani kwake, wamwulize kazi aiwezayo, wala wasimwambie avuke bahari mpaka Unguja akapige hodi mlangoni kama mwombaji.